Mrejesho: mkasi wa kupogolea wa elfu 18 kutoka Kariakoo, mwaka na nusu kwenye miembe michanga

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka aondoke zake: mkasi ni mzuri, nunua. Ila usinunue ukidhani ndo umemaliza habari ya kutunza miche, maana mi siku ile nilitoka Kariakoo na mkasi pamoja na makolokolo mengine manne na katika vitu vyote vitano ni viwili tu vilivyonifaa, viwili vikawa hasara tu, na kimoja kilitaka kuniulia miembe kabisa. Ntafika huko.

Shamba langu liko Mkuranga, ekari 2, mchanga ule wa Pwani ukikanyaga mguu unazama. Masika ya 2023 niliotesha miche 120 ya kubebesha (ile iliyounganishwa juu ya shina la kienyeji), nafasi mita 8 kwa 8, mingi embe aina ya Apple na Kent, Keitt kidogo, na ndimu chache upande wa kisimani. Ilishika vizuri sana nikawa nashukuru Mungu kila nikienda. Mwaka uliofuata mwezi wa 6 nikaikuta imerefuka kama fimbo za kuchungia ng'ombe, mita moja na kitu, haina tawi hata moja, kashada la majani liko juu kabisa kama mwavuli. Mi nilifurahi!! Nikapiga na picha nikaweka status. Bwana shamba alivyokuja akaiangalia akaniuliza, mama, hizi embe utakuja kuchuma na ngazi au na helikopta? Akasema kata zote, usawa wa paja, na ukate sasa hivi mvua zimeisha ila ardhi bado ina unyevu. Akaondoka. Mi nikabaki nimeshika kichwa.

Haya, dukani. Kijana akanitolea mikasi ya aina mbili. Wa kwanza wa elfu 12, wembe mmoja unashuka unagonga kwenye kibao bapa, kama kisu na ubao wa kukatia vitunguu. Wa pili elfu 18, una mishikio myekundu ya plastiki, wembe umepinda kama mdomo wa kasuku na unapishana na mdomo wa chini, ndo mikasi ya kawaida inavyofanya. Nusura nichukue ule wa elfu 12 maana ulikuwa mzito mkononi na mi nikishika kitu kizito naona ndo imara. Bahati pale dukani kulikuwa na mzee mmoja wa Muheza kaja kununua vitu vyake vya michungwa, akaniambia binti, huo wa kugonga ni wa kukatia matawi makavu, kwenye mti mbichi unaponda. Akachukua kipande cha kamba ya katani hapo kaunta akakata na yote miwili, wa kugonga ukaacha nyuzi zimelala zimepondeka, wa kupishana ukakata chap. Nikalipa 18.

Kingine alichonifundisha yule mzee, ufunge mkasi uuinue juu uangalie kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita kati ya wembe na mdomo wa chini, rudisha chukua mwingine. Mi nilirudisha miwili, wa tatu ndo huu.

Siku ya kwanza kukata nilikuwa na babu anayenilindia shamba, mzee wa hapo hapo Mkuranga, miembe ameijua kabla mi sijazaliwa. Nimemsalimia, shikamoo babu, marahaba mwanangu, nikamwambia leo tunakata vichwa. Akacheka akajua utani. Nilivyoukata mti wa kwanza kile kichwa kikaanguka na majani yake yote, kikabaki kijiti kikavu kiko uchi kama mpini wa jembe uliochomekwa ardhini, babu akakaa chini. Akasema mwanangu, mti huu umekukosea nini? Nikakata wa pili. Akanyamaza. Nikakata wa tatu akainuka akaenda zake kisimani, hakurudi mpaka saa 8 mchana. Nami kusema ukweli roho ilikuwa inaniuma, mti umeumwagilia mwaka mzima kwa ndoo halafu unaukata nusu.

Sasa hapa nikae kidogo maana ndo kwenye utamu wenyewe, na kuna kosa nimelifanya kwenye miti kama 20 ya mwanzo. Mwembe haukui mfululizo, unakua kwa mikupuo. Unatoa majani mapya mekundu mekundu, yanakomaa, unapumzika, halafu unachomoza tena. Kila ulipopumzika kwenye shina panabaki kama pete, majani yamesongamana na chini ya kila jani kuna kijicho. Ile miti ya mwanzo nilikata juu ya pete, nikaona hapa si ndo kuna macho mengi, matawi yatatoka mengi. Yametoka kweli, sita, saba, yote sehemu moja kama vidole vya mkono, yanabanana, na ukiyavuta kidogo tawi linang'oka na ganda lake. Tawi la namna hiyo likija kubeba embe linapasuka. Miti mingine iliyobaki nilikata CHINI ya pete, na hapo matawi yakatoka machache, matatu manne, yamepishana, moja juu jingine chini kidogo, kila moja linaangalia upande wake. Tofauti ni sentimita chache tu za mahali pa kukata! Ile 20 ilibidi niirudie nichague matawi matatu na mengine niyatoe, kazi mara mbili.

Na hapo kwenye kukata sentimita chache ndo mkasi ulipoonyesha thamani yake, kwa sababu ile ncha iliyopinda inaingia sehemu finyu kabisa, unaweza kutoa kichipukizi kimoja katikati ya vingine vitano bila kukwaruza vya jirani. Panga haliwezi hiyo. Namwona jirani yangu anapogoa kwa panga, mti unabaki umechanika ganda mpaka chini, halafu analalamika mchwa.

Unakata unene gani? Kwenye boksi wameandika milimita 25, usiamini. Kitu kibichi unene wa kidole gumba unakata vizuri kwa mkono mmoja. Kikizidi hapo ukalazimisha, ile bolti ya katikati inapinda kidogo na wembe unaanza kuachana na mdomo. Tawi nene chukua msumeno mdogo, acha ubishi.

Mi mkono wangu ni mdogo na mishikio inafunguka sana, ukikata miti 40 mfululizo hapa chini ya kidole gumba panauma siku mbili. Mwanaume labda hataona shida.

Kasoro sasa. Ya kwanza springi. Wiki ya tatu iliruka. Nilikuwa nakata mndimu, nikasikia tik, springi ikapotelea mchangani, tumeitafuta na babu mpaka magharibi hatujaiona mpaka leo. Bila springi mkasi haufunguki wenyewe, unabaki kama unapiga makofi kwa mikono miwili. Nikajaribu springi ya kalamu, mchezo wa kitoto huo, haikumaliza hata mti mmoja. Fundi baiskeli wa pale stendi ndo akanikatia kipande cha springi sijui alikitoa wapi akakiweka kwa buku tu, kinakaza kidogo ila mpaka leo kipo. Ushauri: siku ya kwanza tu ukinunua funga springi na waya mwembamba upande mmoja, ikiruka iruke ikiwa imefungwa.

Ya pili, kile kifungio cha plastiki cha kuufunga mkasi ukiwa mfukoni kilikatika mwezi wa pili. Nafungia na mpira wa tyubu. Hiyo sio shida.

Ya tatu ni kosa langu na la fundi, na ilinigharimu mkasi wenyewe. Baada ya miezi kama nane ukawa butu, unajua kwa kuangalia kidonda, badala ya kukatika laini unaona kimetafunwa tafunwa kama panya kapita. Nikampelekea mnoa visu wa mtaani, yule wa kuendesha jiwe kwa baiskeli. Akanoa kama kisu cha jikoni, pande zote mbili, cheche zinaruka mpaka wembe ukageuka rangi ya bluu. Nilivyofika shamba mkasi hauwezi kukata hata jani, linakunjika tu katikati linateleza. Kumbe mkasi wa kupishana unanolewa upande mmoja tu, ule wenye mteremko wa nje, upande wa ndani uliolala bapa hauguswi kabisa, ukiuondoa kidogo tu panabaki uwazi na ndo basi. Na ile bluu maana yake chuma kimeungua, hakishiki tena makali. Nikanunua mwingine, hapo bei imeshafika 22. Huu wa pili nanoa mwenyewe kwa jiwe dogo la kunolea lenye maji, mapitio kumi kumi kila baada ya miti kama 60, na kukaza nati ya katikati kwa spana namba 10. Mpaka sasa unakata karatasi.

Usafi. Utomvu wa mwembe sio maji ya mti wa kawaida jamani, mwembe na mkorosho ni ndugu na utomvu wao unachoma ngozi. Siku ya kwanza nilivaa mikono mifupi, kesho yake mkono una malengelenge mpaka ofisini wananiuliza umemwagikiwa na mafuta. Sasa navaa shati refu hata liwe jua la namna gani. Utomvu huo huo unagandia kwenye wembe unakuwa kama gundi, nafuta na kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Na kama kuna mti una madoa meusi au ncha zinakauka kwa chule (ugonjwa wa ukungu), usitoke hapo ukaenda mti mwingine na mkasi huo huo, unakuwa unagawa ugonjwa kama unagawa kadi za harusi. Mi nina chupa ya spiriti, nachovya nahamia mti mwingine. Mwanzo nilitumia jiki, moja kwa maji tisa, inaua wadudu vizuri sana ila inaua na mkasi pia, jioni moja nilisahau kusuuza asubuhi nikaukuta una kutu kama umeokotwa baharini. Ukitumia jiki suuza, kausha, paka mafuta hata ya kupikia.

Maotea ya chini nayo usiyasahau. Mche wa kubebesha una kiungio, kile kikovu kama sentimita 20 juu ya udongo, na chochote kinachochipua chini ya hapo sio embe ulilolipia, ni la kienyeji lililobeba. Mi nilikuta miche 9 chipukizi la chini limeshaupita mti wenyewe urefu, na miwili kati ya hiyo ile Kent ya juu ilishakufa zamani nilikuwa nagombana na jua kumwagilia embe la porini mwaka mzima. Hapa mkasi unafaa kama kichipukizi kimeshakuwa kigumu kidogo, kikiwa laini kipukuchue kwa kidole tu, hakirudi haraka.

Sasa yale makolokolo manne.

Glavu, elfu 5, zilichanika kwenye ndimu siku ya kwanza. Basi.

Kikopo cha dawa nyeusi kama lami ya kupaka kwenye vidonda, elfu 9. Kijana wa dukani aliniapia kwamba bila hiyo mti unaoza. Nimepaka nusu, nusu nyingine nimeacha makusudi. Iliyopakwa na isiyopakwa zimepona sawa, tena chini ya lami miti mitatu maji yaliingia ikaanza kuoza. Kidonda kidogo kilichokatwa laini siku ya jua kinajifunga chenyewe. Hela imeenda.

Chokaa, mfuko mmoja. Hii ndo kitu cha pili kilichonifaa na nilikinunua kama nyongeza tu. Ukishakata kichwa cha mwembe, lile shina lililokuwa kivulini linabaki kwenye jua la saa 9 upande wa magharibi, ganda linapasuka, na kwenye ufa ndo wadudu wanaanzia. Nilichanganya chokaa na maji kama uji wa mgonjwa nikapaka kuanzia chini mpaka juu. Tatizo lake mvua mbili tatu imetoka. Raundi ya pili nimetumia rangi nyeupe ya maji, ya ukutani, nusu rangi nusu maji, na hiyo inakaa msimu mzima. Usitumie rangi ya mafuta. Watoto wa kijiji waliniuliza kama nafungua kambi ya jeshi.

Kolokolo la nne ndo msiba. Mirija ya plastiki nyeusi ya kuvalisha shina, elfu 2 na mia 5 mmoja, nikanunua 30 kwa ajili ya mbuzi. Mbuzi wa jirani wanapita pale kila jioni na mbuzi akishamenya ganda la mche mzunguko mzima, mche umekufa hata kama majani bado ya kijani. Nikavalisha miche 30 ya pembeni njiani, nikaondoka nikiwa na amani. Nimerudi baada ya wiki tano, kiangazi kimeshakolea, miche minne imenyauka. Nikafungua mrija nikakuta ndani kumejengwa barabara ya udongo kutoka chini mpaka juu, mchwa wanajitafunia ganda taratibu kivulini, hakuna kuku anayewaona hakuna jua linalowasumbua, nimewajengea nyumba kwa hela yangu. Na mingine ambayo haikuwa na mchwa shina lilikuwa jeupe laini limeiva kama limepikwa kwa mvuke, maana plastiki nyeusi kwenye jua la Mkuranga ni sufuria. Niliivua yote siku hiyo hiyo. Labda kwa sehemu za baridi kama Njombe au Lushoto inafaa, sijui, ila huku kwetu mtu akikuuzia nyeusi isiyo na matundu mwambie ahsante.

Babu hakusema kitu siku ile. Kesho yake nimekuta ameshakata matawi ya miba, ameizungushia ile miche 30 duara, mbali na shina kama hatua moja, ameichomeka kichwa chini miba ikaangalia nje. Gharama sifuri. Majani makavu niliyokuwa nimerundika mpaka kwenye shina kwa ajili ya kutunza unyevu akayasogeza nyuma, akaacha uwazi wa shubiri moja kuzunguka shina, akaniambia mwanangu chakula cha mchwa kiweke mbali na mlango. Tangu hapo mbuzi kaingia mara moja tu, na ni mahali ambapo miba ilikuwa imeoza hatujabadilisha. Ukiwa na hela wavu wa kuku na vijiti vitatu ni bora zaidi maana unaona shina na hewa inapita, mi nimeweka kwa ile 12 ya karibu na barabara tu.

Kuna kitu kimoja nataka mnunuzi wa mkasi ajue ambacho hakuna muuzaji atakwambia. Maji moto, yaani wale sisimizi wekundu wa kwenye miti wanaoshona majani kutengeneza kiota. Mwaka jana nilikata viota vyao vyote kwa hasira maana wananing'ata mpaka shingoni, na mwezi mmoja baadae machipukizi mapya yakaanza kunyongeka na kukauka ncha, wadudu wamejaa. Mwenye mikorosho na minazi hapa Pwani anawajua maji moto tangu zamani kuwa ni walinzi, wanawafukuza wale kunguni wanaofyonza machipukizi. Kweli wanafuga pia vidugamba, vile vidudu vinavyofyonza utomvu, sio malaika. Ila sasa mti wenye kiota nauacha, nakata asubuhi mapema kabla hawajachangamka, nasugua mikono na majivu, na tawi lenye kiota likiwa la lazima kutoka nalikata nalilaza kwenye mti wa jirani wahamie wenyewe.

Kwa hiyo mkasi nampa 4 kati ya 5, moja nimeitoa kwa ajili ya springi. Kuna wale wa Uswisi wenye mishikio myekundu pia, Felco, nimewashika kwa rafiki yangu mwenye parachichi, kila kipande kinabadilishwa mpaka springi na wembe, ni raha, lakini bei yake nanunua hii ya kwangu zaidi ya mitano na miche ya kupanda juu. Kwa mtu mwenye miti 100 anayekata mara mbili tatu kwa mwaka hii inatosha. Angalia tu usiuziwe ya kubandikwa nembo ya Felco kwa elfu 30, zipo.

Miti yenyewe iko 111, ina matawi matatu matatu, imeshakatwa tena ncha mara ya pili kila tawi lilipofika kama nusu mita, haijanizidi urefu na maua ya kwanza nimeyatoa yote babu akanuna tena. Mwenye kumjua fundi wa kunoa upande wa Mbagala au Temeke anayejua kuwa mkasi huu ni upande MMOJA tu aniambie, na mwenye springi ya akiba nanunua hata mbili.